Pikapu ya viazi na mbolea: plastiki, kupuliza au mpira?

Dada mmoja mfanyabiashara wa Mbeya kaniandikia hivi: "Kaka fundi habari za kazi. Nimenunua Hilux Vigo single cabin, imetumika. Natoa viazi Ilembo nashusha Mbalizi na Mwanjelwa, nikirudi napakia mbolea za wakulima, mara moja moja mbao na madumu ya petroli ya kupeleka kijijini. Kule nyuma kwenye bodi rangi imeshaanza kubanduka na kutu ipo sehemu mbili tatu karibu na teligeti. Kuna duka wananiuzia ile plastiki nyeusi ya kulaza, wanasema inaingia siku hiyo hiyo. Kuna fundi anasema atanipulizia bedlaina, ile kinga ya ndani ya bodi, kwa bei ya chini kuliko hata hiyo plastiki. Mume wangu yeye anasema tuweke plate ya chuma tumalize. Nishike lipi, nisije nikatupa hela?"

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi pole na mihangaiko. Nakupa jibu kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umepata. Plastiki achana nayo. Huyo fundi wa bei ya chini usimpe hata shilingi mpaka umfanyie kipimo nitakachokuelekeza chini huko. Na shemeji mwambie plate inawafaa watu wa mawe na kokoto, siyo viazi. Kwa mzigo wako mimi ningetibu kutu kwanza, nipulize bedlaina ya kweli ile ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigandisha, halafu juu ya sakafu nilaze mkeka wa mpira ambao unatoka muda wowote. Sasa tuongee sababu, maana ukizijua hata ukija kununua gari lingine utachagua mwenyewe.

Watu wengi wakisikia bedlaina wanawaza mikwaruzo, yaani gari lisichubuke. Mchubuko wenyewe ni jambo dogo. Kinachokula bodi ya pikapu huku kwetu ni maji yaliyokwama mahali hayaonekani, na yakichanganyika na mbolea ndo kabisa. Bati la sakafu ya pikapu ni jembamba, milimita moja hivi au pungufu, kwa hiyo kutu ikianza upande wa juu haina safari ndefu kutokea chini. Mbolea nayo, CAN, UREA, DAP, zote ni chumvi au zina tabia za chumvi, zinavuta unyevu wenyewe kutoka hewani, punje zikimwagika kwenye kona ya bodi asubuhi unakuta pamelowa hata kama mvua haijanyesha. Hapo rangi ikiwa na ufa kidogo tu kazi imeanza. Kwa hiyo kila bedlaina unayoonyeshwa uliza swali moja tu: maji yakiingia chini yake yanatokea wapi?

Plastiki ya kulaza swali hilo inafeli. Ile ni plastiki ngumu imefinyangwa kwa umbo la bodi, haigandi na bati, inashikiliwa na klipu au skurubu, na mafundi wengi hapo hapo wanatoboa bati ubavuni kwa drili ili wakaze, kwa hiyo umeshapata matundu mapya yasiyo na rangi kabla hata hujapakia gunia la kwanza. Halafu njia za shamba unazijua, gari linatikisika, plastiki inacheza, vumbi limeingia katikati, sasa hiyo ni plastiki na mchanga vinasugua rangi kutwa nzima na wewe uko mbele unaendesha hujui. Nimeshatoa plastiki nyingi hapa gereji. Kuna moja ilitoka kwenye Hilux ya mbao ya Mafinga, juu inang'aa safi kabisa mwenye gari alikuwa anajivunia, tukafungua skurubu tukainyanyua watu wawili, chini kulikuwa na tabaka la unga wa mbao uliolowa umekaa mistari mistari kufuata migongo ya plastiki, umeshikamana mpaka tukaukwangua na spachela. Kila mahali mgongo wa plastiki ulipokuwa unagusa bati, rangi imeliwa, mstari wa fedha fedha halafu pembeni yake mstari wa kahawia. Kwenye matundu ya skurubu kidole changu kilipita. Mwenye gari alinyamaza tu.

Tusiionee lakini. Mtu ana pikapu mpya haina hata mchubuko, anabeba vitu vikavu vyepesi, anaishi mjini, yuko tayari kuinyanyua hiyo plastiki na kuosha chini yake mara kwa mara, inamfaa, na kwa kuzuia bati lisibonyee ikiangukiwa na kitu kizito inafanya kazi nzuri kuliko rangi yoyote ya kupuliza. Na akiuza gari anaitoa. Wewe tayari una kutu, ukilaza plastiki juu yake ni kuifunika blanketi iendelee kulala vizuri.

Plastiki pia inateleza. Magunia ya viazi ukishuka nayo kutoka huko Ilembo, Umalila, kuja Mbalizi, umekanyaga breki kwenye kona, mzigo wote unahamia mbele au pembeni kwa mkupuo. Na hapo ndo nikuchokoze kidogo kuhusu lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, maana najua. Gunia likizidi kilo 100 kwanza sheria ya vipimo inakataza, pili lumbesa kumi kwenye Hilux umeshapita tani moja na hakuna bedlaina duniani itakayookoa springi zako.

Jambo la pili, na hili naomba ulisome mara mbili kwa sababu umetaja madumu ya petroli. Dumu likiwa limekaa juu ya plastiki ndani ya pikapu halafu ukalijaza pale pale kwenye pampu, umeme tuli unajikusanya kwenye dumu kwa sababu plastiki haiupi njia ya kwenda ardhini. Cheche ndogo ikiruka kati ya bomba la pampu na mdomo wa dumu, mvuke wa petroli unashika. Siyo hadithi za vijiweni, NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilishatoa onyo kuhusu moto wa namna hii mwaka 1998 na walitaja moja kwa moja pikapu zenye bedlaina za plastiki. Dumu linashushwa chini, linakaa kwenye sakafu ya kituo, bomba la pampu linagusa mdomo wa dumu muda wote wa kujaza, ndo linapandishwa. Na hata ukipuliza au ukiweka mpira fanya hivyo hivyo, maana hivyo navyo havipitishi umeme vizuri, usije ukasema fundi alisema mpira ni salama.

Haya, tuje kwenye kupuliza ambako ndo kuna utapeli mwingi.

Bedlaina ya kupuliza ya kweli ni jamii ya poliyurethani au poliyurea. Kuna zile za mashine kubwa, kama Line-X na Rhino Linings, ambapo vimiminika viwili vinapashwa moto na kurushwa kwa presha kubwa vikutane kwenye mdomo wa gani, ile bunduki ya kupulizia, inaganda ndani ya sekunde chache, unapata tabaka nene la milimita kadhaa. Hizo ni za mashine maalumu ya bei mbaya, kwa hiyo fundi mwenye kompresa ya kawaida akikuambia anapuliza Line-X hata akiapa kwa mama yake mwache. Halafu kuna seti za chupa, inayojulikana sana ni Raptor ya U-POL ya Uingereza, unachanganya bedlaina sehemu 3 na hadna sehemu 1, unatikisa, unafunga chupa kwenye gani yake maalumu yenye mdomo mpana, unapuliza kwa kompresa yoyote nzuri. Inatoka na vichuguu vichuguu kama ganda la fenesi. Ni nyembamba kuliko ya mashine lakini ikiandaliwa vizuri inashika kweli kweli. Seti ya chupa 4 imekadiriwa bodi moja ya pikapu, kwa hiyo fundi akikwambia chupa 2 zinatosha single cabin yako na ubavu na teligeti, jua anataka kukupaka vazelini. Zipo pia za kupaka na rola, zinafaa, ila unene hautoki sawa na kwenye kona za migongo ya sakafu rola haiingii vizuri, lazima brashi.

Sasa hiyo ya bei ndogo kuliko plastiki inatoka wapi? Mara nyingi ni andaseli, ile lami nyeusi ya kupuliza chini ya gari kwenye chasisi na mudigadi. Chini ya gari inafanya kazi yake vizuri, sina ugomvi nayo. Ukiipuliza juu kwenye bodi inapendeza wiki za mwanzo, nyeusi tii, halafu jua la saa saba likiiwakia inalainika, gunia linaganda, ukiliburuza linaondoka na kipande cha bedlaina na viazi vyako vinanuka lami. Mteja wa Mwanjelwa atakurudishia gunia hilo.

Kipimo ni hiki. Mwambie fundi akuonyeshe gari alilopuliza zaidi ya wiki moja iliyopita, usikubali kuonyeshwa picha kwenye simu. Chukua kitambaa cheupe, lowesha petroli kidogo, sugua sehemu moja ya pembeni isiyoonekana kama nusu dakika hivi. Andaseli itayeyuka, kitambaa kitakuwa cheusi na pale uliposugua patanata ukigusa na kidole. Bedlaina ya hadna iliyokauka kitambaa kitatoka na vumbi tu, pale paliposuguliwa pako vile vile. Ukimaliza hapo nenda kwenye ukingo, pale bedlaina inapoishia karibu na teligeti, ingiza kucha au ncha ya ufunguo ujaribu kuibandua. Ikinyanyuka kama ngozi ya maziwa, dawa inaweza kuwa halisi lakini hakupiga msasa.

Na msasa ndo kazi yenyewe dada. Kupuliza kwenyewe ni dakika chache, maandalizi ni siku nzima au mbili, na bei unayolipa inapaswa kuwa ya maandalizi. Bodi inaoshwa kwanza na sabuni ya kuondoa mafuta, kabla ya msasa siyo baada, kwa sababu ukisugua msasa juu ya grisi unaizamisha grisi kwenye mikwaruzo. Kwenye kutu anakwangua mpaka bati jeupe, msasa wa namba 80 au brashi ya waya ya grenda, na hapo ndo mtajua kama ni kutu ya juu au bati limeisha. Chukua bisibisi ugonge polepole: likilia kama bati sawa, likizama au likilia kizito, hapo panakatwa na kuunganishwa bati jipya, asije akakujazia puti akapuliza juu, hutaona kitu mpaka siku mguu wa mpakiaji uzame. Kwenye bati jeupe inaenda praima ya kuzuia kutu, sehemu yenye rangi nzima inasuguliwa tu mng'ao utoke wote, kwenye kona, kwenye mabonde kati ya migongo, chini ya ndoano za kamba, kote, msasa wa namba 180 au zaidi kidogo. Sehemu inayong'aa ndo sehemu itakayobanduka, ni rahisi hivyo. Simama mwenyewe uangalie kabla hajachanganya dawa, usione aibu, hela ni yako.

Yale matundu ya kutolea maji kwenye sakafu mwambie ayazibe na masking tepu kabla ya kupuliza na ayafungue baadaye. Nimeona bodi zimepulizwa vizuri halafu zimegeuka beseni.

Hali ya hewa nayo. Hadna ya poliyurethani haipatani na maji, ikikutana na unyevu inatoa gesi na kuacha mapovu madogo madogo ambayo baadaye ni njia za maji. Kwa hiyo Tukuyu mwezi wa nne mtu anapuliza kwenye banda la wazi, hapana. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya ni kukavu lakini asubuhi baridi yake unaijua, Njombe na Makete ndo usiseme kule mpaka barafu inakaa kwenye majani, bati linakuwa la baridi na hadna inakuwa mvivu. Kama ni miezi hiyo apulize kuanzia saa tano hivi jua likishapasha bati, na gari lisilale nje usiku huo. Mimi napenda mwezi wa tisa na wa kumi, kumekauka na kuna joto, na kwako inaangukia vizuri kabla msimu wa mbolea haujachanganya. Ikishapulizwa mizigo myepesi baada ya siku mbili tatu, magunia na mbolea subiri wiki nzima, kwenye baridi ongeza. Najua wiki ya gari kulala ni hela, panga mapema.

Siku ya kupuliza usikae hapo na watoto. Moshi wa hadna unaharibu mapafu na unaweza kumpa mtu pumu, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote, fundi anatakiwa avae ile yenye makopo ya chujio pembeni. Fundi anayepuliza bila barakoa mimi huwa najiuliza na msasa alipiga kweli?

Rangi itafifia. Huku juu Mbeya tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jua lina ukali kuliko Dar hata kama hujisikii joto, na bedlaina nyingi nyeusi zinapauka kuwa kijivu. Ni sura tu, uimara wake upo.

Mkeka wa mpira sasa. Kwa nini nakwambia ulaze mpira juu ya bedlaina wakati umeshapuliza? Kwa sababu bedlaina ya chupa ni nyembamba, inazuia maji na mchubuko, lakini kona ya ubao wa mbili kwa sita ukiurusha, au jembe, au mdomo wa dumu la chuma, inaweza kuitoboa, na pia haizuii bati kubonyea. Mpira unakula hicho kishindo. Magunia pia yanatulia juu ya mpira, hayatelezi, na viazi haviumii sana kama kwenye chuma kitupu, wewe mwenyewe unajua kiazi kilichopata jeraha kinaozesha na wenzake. Unaweza kupata mikeka iliyotengenezwa kwa kazi hii au ukanunua kipande cha mpira wa konveya, ile mikanda ya kusafirishia mzigo viwandani, ila angalia ule wenye tabaka za kitambaa ndani, ukikatwa kingo zake zinanyonya maji na kukaa nayo. Unene wa milimita 6 mpaka 8 unatosha. Milimita 10 kwa sakafu yako ya karibu mita 2.3 kwa 1.5 ni kilo 40 na kitu, utashindwa kuunyanyua na ukishindwa kuunyanyua hutausafisha, tunarudi kule kule kwa plastiki. Kata vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja mtu mmoja anakivuta nje. Usigundishe, usipige skurubu. Ukishusha mbolea, siku hiyo hiyo toa mpira, mwaga maji ndoo kadhaa bodi nzima na mpira wote pande mbili, acha teligeti wazi gari likiwa limeinama kurudi nyuma likauke. Na kwa heshima ya walaji, viazi visipande juu ya punje za mbolea.

Plate ya shemeji nimeitaja mwanzo. Chuma cha milimita 3 kwa sakafu yako tu, bila ubavu, ni kilo 80 hivi, yaani kila safari unabeba karibu gunia zima usilolipwa, kwenda na kurudi. Wakiichomelea, moto unaunguza rangi upande wa chini na maji yanaingia kati ya bati na plate hayatoki tena. Ya aluminiamu ina uzito wa theluthi tu lakini aluminiamu ikikaa juu ya chuma kwenye unyevu wenye chumvi ya mbolea vinakulana. Mtu wa kokoto na tofali yeye aweke plate, akiikaza kwa bolti na kuweka mpira katikati, maana kwake koleo linaparua sakafu kila siku na bedlaina yoyote ingeisha.

Kama hela haitoshi yote kwa mpigo, usinunue nusu ya kila kitu. Anza na kutu: ikwanguliwe, praima, rangi ya kawaida ya hadna juu, halafu mkeka wa mpira. Hiyo inakuvusha msimu bila bati kuliwa, na kupuliza kutasubiri mwezi wa tisa. Kinyume chake, kupuliza juu ya kutu ili upendeze sasa, ni hela imeenda.

Ukifika kwa fundi mwambie apulize mpaka ukingo wa juu wa teligeti, pale ndo magunia yanaburuzwa yakishushwa na ndo kutu zako zilikoanzia, fundi wengi wanaishia sakafuni. Ila kufuli, bawaba na zile nyaya za kushikilia teligeti azifunge na karatasi, zisiguswe na dawa, zibaki na grisi yake.